Kinyozi Aliyeikwepa Chanjo ya Wazee

Walimwita Mzee Piko, kwa jina la ile rangi nyeusi ya nywele, kwa sababu hapakuwa na mvi pale mtaani zilizopita mikononi mwake zikabaki nyeupe. Wazee wenzake waliingia kibandani kwake kutafuta ujana, wakatoka wamepata nusu. Na kwa kuwa alijua vizuri jinsi binadamu anavyodanganya kwa kichwa, hakumwamini mtu. Mkate aliubonyeza, maziwa aliyanusa, na hata mkewe akisema chai ina sukari, aliionja kwanza.

Basi zahanati ikatangaza chanjo ya mafua makali. Vijana na chupa yao, waliopita miaka sitini na mitano na chupa yao. Mzee Piko akashtuka.

"Kwa nini ya kwetu iwe tofauti?" akamuuliza muuguzi, mama mmoja mpole mwenye miwani.

"Mzee wangu, mwili ukizeeka, kinga nayo inakuwa nzito kuamka. Ya kawaida inaweza kuiita isisikie. Hii yenu ina nguvu zaidi."

Nguvu zaidi! Neno hilo likamtia shaka. Tangu lini wazee wakapewa kilicho bora? Kwenye foleni wanasukumwa, kwenye mikutano wanaambiwa wakae chini, leo ndiyo wapewe dawa ya nguvu, tena bure? Hapana bwana. Hapa pana namna.

Lakini kukataa kabisa hakuweza. Mkewe alikuwa amepandikizwa figo, na dawa za kuitunza figo hiyo ziliilaza kinga yake, hata chanjo haikumshika vizuri. Daktari alishasema wazi: mafua yakiingia nyumba hiyo, mama huyu yanaweza kumchukua, kwa hiyo ngao yake ni wewe, mzee. Na Mzee Piko alimpenda mkewe, tuseme ukweli, kwa yale mapenzi ya kizee yenye manung'uniko mengi.

Akili ya kinyozi ikamtuma. Akajifungia kibandani, akajipaka piko kichwa kizima, nyusi na masharubu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini siku hiyo alijinyoa, na lo, alipendeza. Akaenda zahanati ya mtaa mwingine asikojulikana, akasema ana miaka hamsini na minane. Muuguzi aliyekuwa zamuni hakuinua hata macho. Akachomwa ile ya kawaida, akarudi nyumbani akichekelea moyoni kwamba ameponyoka.

"Umechomwa?" mkewe akauliza.

"Nimechomwa."

"Na hizo nywele?"

"Najitangazia biashara."

Msimu wa mafua ulipofika, yalimwangusha kinyozi kwanza, kisha mkewe. Yeye aliinuka. Mkewe akalazwa, mipira ya hewa puani, kifua kikikoroma. Asubuhi moja daktari akaja na sindano ya dawa, Mzee Piko akiwa ameketi pembeni ya kitanda. Mkewe akaukunja mkono.

"Sitaki," akasema kwa sauti ya kukatikakatika. "Mume wangu alisema mapema kwamba hamna ukweli. Mlimchoma hiyo yenu ya nguvu, mbona ameugua? Mbona yamenifikia? Ondoa sindano yako hapa. Yeye alikuwa sahihi, mimi ndiye mjinga niliyemsukuma akachanjwe."

Akageuza shingo, akamtazama mumewe kwa macho ya kuomba radhi. Maisha yake yote Mzee Piko alingoja mtu amwambie kwamba alikuwa sahihi. Sasa ameambiwa, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mke wangu," akasema, "sikuchomwa ile. Nilidanganya umri. Nilichomwa ya vijana."

Daktari akasema kwa huruma kwamba hata ile ya wazee haizuii yote, huenda mzee angeugua vilevile. Hakuna aliyemsikiliza.

Mkewe akaukunjua mkono, akamnyooshea daktari, na uso akaugeuzia ukutani.

"Nichome," akasema. "Na huyu mwambie asubiri nje."