Hatua Tatu za Karatasi

Mtaani walimwita Gundi, na kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kukasirika. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la fotokopi, chenye dirisha moja lililotazama ukuta. Watu walimletea kurasa zilizofungwa kwa kamba kama kuni, naye akawarudishia vitabu. Alichokiunganisha hakikuachana tena.

Siku za mapumziko yeye na kaka yake waliunda roketi. Kaka alikuwa seremala wa milango, amemzidi miaka sita, mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Gundi alizungusha karatasi kwenye bomba, akapaka gundi, akazungusha tena, mpaka ikawa ngumu kama mfupa. Kaka alichonga ncha na mapezi, kisha akachukua msasa na kulegeza maungio.

"Wewe ukiachiwa," alikuwa akisema, "roketi itapaa na meza yako."

Halafu maktaba ikaleta ensaiklopidia kuukuu iliyong'oka mgongo, na ndani yake Gundi akaona picha ya roketi ya zamani ya kupima upepo wa juu, ya hatua tatu, yaani vipande vitatu vilivyopandana, kila kimoja na moto wake. Wakaamua kuiunda kwa kipimo cha moja kwa ishirini, kila mstari mwekundu mahali pake. Hatua ya chini ikimaliza kuwaka ingewasha ya pili na kuchomoka, na ya pili ingeifanyia ya tatu vivyo hivyo. Walikuwa wamefika kwenye mapezi ya hatua ya pili Kaka alipoanguka bafuni. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na maneno yake yote.

Gundi aliimalizia peke yake, kwa miezi minane. Alikuwa akipaka rangi ya mwisho binti wa Kaka alipoingia na kubaki amesimama mlangoni.

"Baba mdogo, nimepata nyumba isiyo na ngazi. Jumamosi nampeleka kwangu."

Kwake kulikuwa mwendo wa siku mbili kwa gari. Wote wawili walijua kwamba mzee hatarudi.

"Mpitishe uwanjani kwanza," Gundi alisema. "Aione ikipaa. Zote tatu, zikiachana moja moja. Sina kingine cha kumpa."

"Haya. Lakini saa nne tunaondoka, na saa nne ni saa nne. Nakujua wewe."

Jumamosi ilianza na manyunyu. Klabu yao ilirushia roketi kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya kiwanda cha matofali, na asubuhi hiyo watu watano walijibana chini ya turubai. Roketi ilikwishasimamishwa kwenye reli yake, nyeupe, ndefu kuliko mtoto wa miaka mitano, ikilowa taratibu.

"Gundi, hiyo ni roketi au kamusi?" aliuliza fundi umeme, aliyeshughulikia nyaya.

"Subiri ipae, utaisoma mwenyewe."

"Mie nasubiri irudi tu. Kamusi ukiirusha, hurudi upesi."

Walicheka. Kaka, kwenye kiti chake cha magurudumu, hakucheka. Manyunyu yalipokatika, saa tatu na nusu, mkono wake wa kushoto ulianza kwenda mbele na nyuma juu ya mkono wa kiti. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma.

"Anaona baridi," binti alisema, akaufunika kwa shuka.

Mkono uliendelea chini ya shuka.

Gundi alielewa. Kaka alikuwa akipiga msasa. Karatasi hunywa maji kama mbao, na mlango uliofungika vizuri wakati wa jua hukwama wakati wa mvua. Nani aliyemfundisha hayo kama si huyu?

"Nimeshasugua, Kaka," alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Na alikuwa amesugua kweli, Alhamisi, chumbani, pakiwa pakavu. Kuchomoa hatua, kusugua na kuunga nyaya upya kungechukua nusu saa, na binti alishatazama saa mara mbili. Lakini haikuwa saa tu. Kwa miezi minane alifanya kila kitu bila mkono ule, na alitaka mwenye mkono aone kwamba ameweza.

Akabonyeza kitufe cha kuwashia.

Ilipanda wima, kwa mvumo uliotikisa turubai. Hatua ya kwanza ilimaliza moto wake. Ya pili ikawaka, ikiwa bado imeshikwa na ya kwanza. Moshi ukatoka kandokando ya ungio. Roketi ikayumba kama mtu aliyesukumwa mgongoni, ikalala hewani, ikaenda kuvunjikia nyuma ya marundo ya matofali. Ya tatu haikuwaka kabisa.

"Imepaa," binti alisema. "Si umeiona, baba? Imepaa."

Kaka hakuwa akitazama juu. Alikuwa akimtazama mdogo wake. Macho yalikuwa na majimaji, lakini tangu augue yalikuwa hivyo kila siku, na mtu asingeweza kusoma chochote humo.

Walimwinua wakamwingiza garini, wakamfunga mkanda. Gundi aliinama dirishani. Maneno aliyoyaandaa wiki nzima yalikuwa ya roketi iliyofaulu. Mengine hakuwa nayo.

"Safari njema, Kaka."

Gari likapita kwenye madimbwi ya kiwanda, likakata kona.

Kanuni ya klabu ilitaka kila roketi iliyoanguka iandikwe kabla watu hawajatawanyika. Mwenyekiti alimletea fomu juu ya kipande cha mbao. Kwenye mstari wa chanzo Gundi aliandika "Unyevu." Kisha akalikata neno hilo, akaandika jingine.

Mwenyekiti aliisogeza fomu karibu na miwani yake.

"'Nilionywa,'" alisoma. "Na nani? Mbona sisi hatukumsikia mtu?"

Gundi alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwenye matofali, kuokota vipande.