Uso wa Injinia kwenye Simu ya Shangazi

Jina la Injinia alipachikwa na shangazi yake, siku alipomtengenezea tovuti ya karakana yake ya kushona sare za shule. Jina likashika mtaa mzima, naye akalivaa kama koti jipya. Hata mwendo akabadilisha.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, aliihamishia tovuti hiyo kwenye anwani mpya. Ukurasa wa zamani hakuufuta, maana wazazi walishauzoea. Aliandika ndani yake mistari michache ya msimbo: mtu akiufungua tu, kivinjari kimrushe kwenye ukurasa mpya bila yeye kubonyeza chochote. Ila kompyuta yake mwenyewe aliitoa kwenye agizo hilo, isirushwe, kwa sababu bado alikuwa na picha za kuchukua kule kwenye ukurasa wa zamani.

Siku zikapita, cherehani zimelala.

“Injinia, wateja wanasema hawaoni sare,” Shangazi alilalamika. “Msimu ukipita hivihivi, nimekwisha.”

“Mbona kwenye kompyuta yangu zinaonekana? Tazama.”

“Basi wao vipofu?”

“Hawajui kubonyeza, Shangazi. Na hizo simu zao za kizamani! Kama hiyo yako.”

Mafundi wakacheka. Shangazi aliifunika simu yake kwa kiganja, akarudi kwenye cherehani.

Kesho yake akaingia mama mmoja na binti yake. “Samahani, hapa ndipo kwa yule kaka anayekenua meno? Natafuta sare kwenye simu, namkuta yeye.”

Injinia akacheka kwa sauti. Akaichukua simu ya Shangazi ili amwonyeshe mgeni namna ya kubonyeza. Ukurasa ukafunguka, ukapepesa, halafu huyo hapo: yeye mwenyewe, mikono kifuani, meno yote nje. *Unahitaji tovuti? Mpigie bingwa!*

Kicheko kikamkauka mdomoni. Alipokuwa akiujaribu msimbo wake, aliweka anwani ya ukurasa wake wa matangazo, akisema moyoni ataibadilisha baadaye. Hakuibadilisha. Na kompyuta yake, kwa kuwa haikurushwa, haikumwambia kitu.

“Kumbe wateja wangu umewahamishia kwako,” Shangazi akasema taratibu.

“Hapana, Shangazi! Nilisahau tu, haki ya Mungu...”

“Na simu yangu ya kizamani ndiyo iliyokuona.”

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Masikio yakamwaka moto. Akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaiweka anwani sahihi. Hakuthubutu kuhakikisha kwa kompyuta yake.

“Mama, naomba ujaribu wewe,” akamwambia mgeni, macho chini.

“Ehee! Sketi hizi hapa.”

Shangazi alikuwa keshamvutia binti kwenye mwanga, anampima kiuno. Injinia akasubiri atukanwe, ataniwe, lolote lile, mradi aitwe jina lake.

“Wewe kijana,” Shangazi akasema bila kugeuka, “ondoa kompyuta yako hapo. Nataka kukata kitambaa.”