Mbunge Anayesali

Nimekuwa mbunge vipindi viwili, na hiki cha pili nimepewa uenyekiti wa kamati. Nawaambia mapema msije mkadhani mnasoma habari za mtu mdogo. Uenyekiti wenyewe umeniingia mpaka mifupani. Nyumbani mke wangu Rahel akiuliza tule ugali au wali, namjibu kwamba hoja ijadiliwe kwanza. Yeye huenda zake akapika anachotaka.

Pamoja na ukubwa wote huo, huku kwetu sikujulikana kwa hoja hata moja. Nilijulikana kwa picha. Mbunge mwenzangu alikuwa anazungumzia salfa ya mikorosho, jambo ambalo wapiga kura wangu wanalala nalo na kuamka nalo. Mimi nililala nalo tu. Kamera ikanikuta kidevu kifuani, mdomo wazi. Kabla kikao hakijaahirishwa, picha ilikuwa imeshazagaa kwenye simu za watu kuanzia Nachingwea hadi Ruangwa. Nilieleza kwamba nilikuwa natafakari. Hata dereva wangu hakuniamini.

Mwaka huohuo mama yangu, Rosa, akafariki kijijini Chinongwe. Niliumia sana, maana Pasaka nilimwahidi kwenda kumwona, nikaenda semina. Wabunge wenzangu wakafunga safari kutoka Dodoma kuja kunifariji, na mimi badala ya kulia nikaanza kuwaogopa watani.

Kwetu mtu hazikwi bila watani. Wao ndio wanaochimba kaburi na kulipokea jeneza, na wao ndio wenye ruhusa ya kumwigiza marehemu na kuwasema wafiwa mpaka kilio kichanganyike na kicheko. Mfiwa akikasirika, aibu ni yake. Watani wetu ni ukoo wa Bakary wa Ruponda, watu wasio na breki mdomoni. Nikaiona ile picha yangu ikiigizwa mbele ya wageni. Nikamwita Bakary pembeni, nikamwelekeza kwamba kwa leo utani umeahirishwa.

"Sawa, mheshimiwa," akasema, kwa upole ambao sikuutarajia.

Misa ikaisha, jeneza likafika kaburini. Watani walikuwa wamekaa ng'ambo ya shamba, majembe miguuni, wametulia kama wajumbe waliosusia kikao. Hakuna aliyeshuka kaburini kumpokea mama. Padri akanitazama, wageni wakanitazama. Nikatafuta kichwani kanuni ya kunisaidia, sikuipata.

Mjomba Fidelis, kaka yake mama, akanishika mkono. "Dada yangu nyumbani harudi, na kuzikwa hazikwi," akasema. "Nenda kawaombe wenyewe."

Nikavuka shamba na suti yangu nyeusi, huku umati mzima ukinitazama mgongoni. "Naelekeza," nikaanza, maana ulimi ulishazoea. Nikaumeza uenyekiti. "Naomba mje mnizikie mama yangu."

Bakary akainuka, akawageukia wenzake. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," wakaitikia wote, na majembe yakainuka.

Nilidhani yameisha. Mara dada yake Bakary, Amna, akatokea amejifunga kitenge cha mama, na redio ya mama kwapani. Akaketi kando ya kaburi mkao uleule wa mama, goti moja juu, sikio kwenye redio. Watani wakamzunguka. "Bi Rosa," mmoja akasema, "mwanao kalala huko Bungeni. Tumemwona."

Amna akainua uso, na nusura nimwite mama. "Mwacheni mwanangu," akasema. "Halali yule. Anasali."

Watu wakaangua kicheko, wageni wangu wakiwa wa kwanza. Na mimi nikacheka. Halafu nikamnong'oneza mjomba kwamba Amna ni fundi wa kutunga.

"Atunge nini?" mjomba akasema. "Mama yako kalisema hilo sokoni, kanisani na kisimani tangu picha itoke. Kagombana na watu wazima kwa ajili yako."

Hapo nililia mpaka wakanishika, na wakati nalia watani wakashuka, wakampokea mama taratibu, wakamlaza.

Nimerudi kwenye kiti changu, na sitawadanganya, usingizi haujaniacha. Ripoti zetu ni ndefu na viti vya Bunge ni laini. Lakini siku hizi nikiusikia unakuja, nainamisha kichwa nikasali kweli, ili mama asije akawa mwongo.