Haki ya Mtani Msibani

Kwamba msichana yule alinunuliwa kwa mbuzi, nilisikia. Kwamba alirogwa asahau kwao, nilisikia pia, tena kutoka kwa watu ambao hawakuwahi hata kumsalimu. Niliyoyaona mwenyewe ni machache, na ndiyo ninayoyaandika. Alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa darasa la nne. Alipika, alifua, alikula amesimama, na sikumwona na sare ya shule hata siku moja.

Nyumba ilikuwa Masuguru, Korogwe, miaka ile Ujamaa ulipokuwa kwenye kila ulimi. Mwenye nyumba, Mnyamwezi aliyepanda kutoka mashamba ya mkonge hadi ofisi yenye feni, alikuwa bingwa wa kulaani unyonyaji. Aliulaani mkutanoni bila kumeza mate, kisha akarudi nyumbani kuvuliwa viatu na yule msichana.

Nilimwendea, nikamwuliza kwa nini mtumishi wake hasomi.

"Mwalimu, chunga ulimi," akasema. "Watumishi waliondoka na mkoloni. Huyu ni ndugu."

Neno hilo lilifunika kuliko blanketi. Mtumishi hudai ujira na siku ya mapumziko. Ndugu atadai nini? Majirani wakaridhika. Walimhurumia kwa bidii, kila mmoja nyuma ya ukuta wake, wakaendelea kubuni habari za mbuzi na uchawi, kwa kuwa uvumi haumlazimu mtu kwenda kupiga hodi.

Aliyejisumbua kumwuliza mwenyewe alikuwa bibi mmoja wa Kizigua, mfinyanzi aliyeuza vyungu sokoni. Nilikuwa nikichagua mtungi pale alipomshika msichana mkono na kumsemesha Kizigua, lugha ninayoisikia. Msichana akajibu kwa kusitasita, kama anayepapasa njia gizani. Mama yake yuko Misima. Mama aliahidiwa kuwa binti atasomeshwa. Hawajaonana tangu hapo, naye anataka kurudi kwa mama.

"Mwalimu, umesikia?" bibi akaniuliza.

"Nimesikia."

"Basi usije ukasema uliambiwa."

Haukupita muda, mwenye nyumba akafiwa na baba yake mdogo. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kukejeli, kuzuia jeneza, hata kudai kitu. Mfiwa akikasirika, amejiaibisha mbele ya ukoo wake. Jeneza lilipofika mlangoni pa uzio, bibi yule alikuwa amejilaza njiani, kofia ya marehemu kichwani.

"Hapiti mtu! Huyu mzee kaondoka bila kuniaga!"

"Mtani, chukua kuku utupishe," mwenye nyumba akasema, akicheka kama desturi inavyotaka.

"Kuku wako wamekonda, wanashiba hotuba tu!"

Waombolezaji wakacheka. Wabebaji walikuwa wakitokwa jasho.

"Basi chukua chochote ukipendacho humu ndani, tukazike!"

Bibi akainuka, akajikung'uta vumbi, akapita moja kwa moja hadi jikoni, akatoka amemshika msichana mkono.

"Mtani, huyo hapana," mwenye nyumba akasema. Kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Kwa nini? Kama ni mali, umesema nichukue. Kama ni ndugu, tuambie hapa mbele ya ukoo wako: ndugu kwa nani? Kwa mama yako au kwa baba yako?"

Wazee wa Kinyamwezi wakamgeukia, kwa sababu hata wao walitaka kujua. Mtu aliyeweza kuhutubia wilaya nzima akatazama wazee, akatazama jeneza. Hatimaye akacheka kwa meno tu.

"Mchukue, mtani. Mchukue."

Jeneza likapita. Kwa mara ya kwanza majirani wote walikuwa na ushahidi, na wengi wakagundua ghafla kwamba walikuwa wakimtetea siku zote.

Bibi alinitaka niwasindikize, watu wasije wakasema amemwiba. Tulipanda basi hadi Handeni, tukalala Chanika kwa mpwa wake, asubuhi tukafika Misima. Mama alikuwa akipalilia mahindi. Aliangusha jembe, akamshika binti uso kwa mikono yenye udongo.

Kisha tukakaribishwa uani. Bibi akaomba maji ya kunywa. Binti akainuka upesi kuyaleta. Mama akamshika bega, akamkalisha mkekani, akaenda kuyachota mwenyewe.