Pumzi Iliyokaliwa na Githeri

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, kanisa letu pale Gatitu lilipata tarumbeta moja tu, na mimi niliitaka kufa na kupona. Mwalimu wa bendi alikuwa dresa mstaafu wa hospitali, mtu wa kupimapima kila kitu. Akatangaza kwamba atakayepuliza hewa nyingi kuliko wenzake ndiye atakayeipata.

Mama aliposikia habari hizo, akaona dawa ni chakula. Asubuhi ya kupimwa nilishindiliwa githeri, mahindi kwa maharagwe, sahani juu ya sahani, halafu uji. "Kula! Ati unataka kupuliza na tumbo tupu?" Nilifika kanisani nikitembea kama ng'ombe mwenye mimba.

Kipimo chenyewe kilikuwa chupa kubwa ya kioo, imejazwa maji na kupinduliwa ndani ya karai, na mpira mrefu wa kupulizia umepitishwa chini yake. Unavuta pumzi hadi mwisho, unapuliza hadi mwisho, hewa inapanda, maji yanashuka, mwalimu anasoma alama. Wenzangu waliyashusha vizuri tu. Mimi nikavuta, wapi! Haikuingia. Nikapuliza, yakatoka mapovu kidogo, kisha nikacheua maharagwe. Watu walicheka mpaka wakashikilia mabenchi.

"Umemaliza?"

"Bado iko ndani, mwalimu, naisikia!"

"Hiyo hubaki kwa kila mtu. Hata upulize macho yatoke, mapafu hayaishi hewa."

"Basi hiyo nayo iongezwe kwa yangu!" Nilikuwa nimekasirika kabisa.

Mama, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaingia. "Ati kijana yangu hana pumzi? Hiyo chupa yako ndiyo iko na shida!"

Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba mapafu yakijaa husukuma kwenda chini yakitafuta nafasi, na nafasi yangu imekaliwa na githeri. Mama hakutaka kusikia. Akanyakua mpira, akavuta, akapuliza ile pumzi yake ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Maji yote yakatoka kwenye chupa, karai likafurika, viatu vya mwalimu vikalowa chepechepe.

"Mama, wewe umekula nini leo?" mwalimu akauliza.

"Nile nini, na sufuria yote nimempa huyu?"

Kufika Krismasi, mama ndiye aliyesimama mbele na tarumbeta. Mimi nilipewa kile chuma cha pembe tatu cha kugonga, kisichohitaji pumzi hata ya kuku. Na kilichoniuma zaidi, aki ya Mungu, ni kwamba alipiga vizuri.