Anyesi Amemaliza

Jamani, sielewi. Ile meseji nimeisoma mpaka macho yanauma, na akili bado inaisoma vile vile.

Mnaonifuata humu mnaijua kazi yangu: mhudumu wa afya ya jamii hapa Tunduma. Tunapita nyumba kwa nyumba, tunapima homa ya ini C, tunawapelekea wagonjwa dawa, tunafanya follow-up. Mwenzangu wa kupita naye alikuwa Anyesi, mtoto wa kijijini Ihanda, mdomo hauna breki.

Watu walizikataa dawa wakidhani ni ARV. Anyesi anasimama mlangoni, mkono kiunoni: "Mama, hizi siyo za maisha. Hizi zina mwisho!"

Wazambia wa sokoni aliwasalimia kwa Kibemba, "Muli shani", kwa lafudhi ya Kinyiha cha kwao. Wanacheka, huku vidole vya kutobolewa wameshatoa.

Mgonjwa akimeza kidonge cha mwisho, Anyesi anaandika kwenye group letu la kazi neno moja: "Amemaliza!" Basi hapo ni vikopa na hongera mpaka simu inapata moto.

Mama Happy wa Chapwa aligoma kupimwa. "Jipime wewe kwanza nione." Anyesi akacheka, akajitoboa; Mama Happy naye akatoa kidole. Wote wawili, positive.

Weee! Anyesi akasema, "Haya Mama Happy, tumekuwa mapacha." Wakaanza dawa wiki ile ile, wakawa wanapigiana simu kila asubuhi: umemeza? Nimemeza, wewe je?

Wiki hii ndiyo walikuwa wanamaliza. Anyesi alikuwa kaenda kwao kupumzika, tumbo linamsumbua. Juzi ikaingia meseji kwenye group, kutoka kwenye simu yake: "Anyesi amemaliza."

Nikawa wa kwanza kujibu. "HONGERA SHOSTI!!! Kitimoto juu yako!" Wenzangu wakafuata, hongera juu ya hongera. Team leader akaweka emoji ya keki.

Kaka yake akanipigia. "Dada, mnampongeza kwa lipi?"

Nikamwambia, si kamaliza dawa? Nikasikia vilio nyuma yake.

Kumbe kaka kaandika kama wanavyosema kanisani kwao. Amemaliza mwendo.

Daktari ametueleza. Dawa inaua virusi, ila ini lake lilishaharibika miaka mingi kabla, na yeye hakujua, hakuwahi kulipima. Akatapika damu. Nimesikia kila neno, lakini haliingii. Si zilikuwa na mwisho, Anyesi? Mwisho gani huu sasa?

Jana Mama Happy kanipigia analia. "Pacha wangu kafa, na dawa ni hizi hizi. Nimeze au niache?"

Nilitaka kumwambia ngoja nimuulize Anyesi. Mimi, ninayejua kafa. Nikamwambia meza mama, ini lako daktari kalipima, liko vizuri.

Leo asubuhi nimeenda Chapwa kwa Mama Happy. Kidonge cha mwisho kakishika muda mrefu, anaiangalia simu yake kama itaita. Ikabidi nimuulize mimi: umemeza? Akameza.

Kwenye group hakuna aliyethubutu kuandika. Hata mimi, kidole kimegoma. Lile neno lilikuwa lako, sijui tena linamaanisha nini.

Kwa hiyo naliandika hapa, kwako. Anyesi, Mama Happy amemaliza.

Lala mwenzangu, lala salama. Zile hongera sizifuti.