Gari Ileile, Madereva Wawili

Papa Katongo husali jicho moja wazi. Sizui, tunakaa benchi moja kanisani, na mara nyingi nimefungua langu ili nihakikishe, nikalikuta lake linanitazama. Bia hanywi mpaka chupa ifunguliwe mbele yake. Akija kwangu hukaa kiti cha ukutani, kwa sababu, anasema, ukuta haujawahi kumsengenya mtu.

Mimi ndiye Mama Kiki wa mtaa wa Katuba, mwenye nganda, baa ndogo ya uani yenye televisheni kubwa kuliko za majirani. Kwingine Jumapili ni mpira. Kwangu, zikiwepo mbio za Formula One, mpira unangoja, kwa kuwa wateja wangu wengi ni madereva wa lori waliozeeka, na mtu aliyeshika usukani maisha yake yote hawezi kuona gari likipita asiseme neno. Ugomvi wao ni uleule miaka yote: nani dereva bora kuliko wote? Huyu anasema Hamilton, yule Verstappen, na kuna mmoja anayemlilia Senna kama ndugu aliyemzika kwa mikono yake. Katongo huwaacha wachoke. Kisha huuliza swali lake.

"Huyo champion yenu, mulimuonaka siku gani mu gari ya mubaya?"

Kwake kila bingwa ni mshukiwa. Gari zuri, anasema, laweza kumpa kombe hata mjinga. Matairi yana njama, watangazaji wana njama, hata mvua ya mbio hizo haiamini. Anamkubali shahidi mmoja tu: mwenzake wa timu. Kila timu ina magari mawili ya namna moja na madereva wawili, na huyo wa pili ndiye atakayekuonyesha wa kwanza ni mtu wa namna gani. "Gari ileile, madereva mbili," husema akigonga meza. "Pale njo uwongo inaishaka." Na hata hapo, huongeza akishusha sauti, angalia vizuri kama wakubwa wa timu hawakumwambia mmoja amwachie mwenzake apite.

Basi maneno hayo ya nganda yaliingia nyumbani kwake.

Katongo aliendesha malori ya mgodi mpaka kampuni ikamstaafisha, na kwa kiinua mgongo chake akanunua lori moja kuukuu, la kuleta mahindi na makaa kutoka Lukafu, kwa njia yenye mteremko mmoja mkali. Magoti yalipoanza kukataa pedali, akaweka madereva wawili wa kupokezana. Safari hii ni Guelor, mwanawe wa mwisho; safari ijayo ni Paulin Ntumba, kijana wa familia iliyotoka mkoa wa Kasai, wageni kwa macho ya mtaa, jirani yake ukuta kwa ukuta. Lori lile halikuwa na kazi ya kutosha watu wawili. Yalikuwa mashindano, na mtaa mzima ulijua: mvua zikikaribia, mmoja atapewa ufunguo na mwingine atafute maisha kwingine.

Hakupanda nao hata siku moja. "Dereva mbele ya patron iko malaika," alisema; mbele ya bosi kila mtu ni mtakatifu. Alipima kwa mkono. Lori likiingia uani, hata injini haijazimwa, Katongo anainama kwenye gurudumu la nyuma na kuweka kiganja juu ya ngoma ya breki. Dereva anayejua kazi huteremka kwa gia, injini ikilizuia lori taratibu, na chuma kile hufika kikiwa na uvuguvugu tu. Anayeogopa, au anayekimbia kisha akajuta, hukanyaga breki mpaka chuma kinakaanga vumbi. Na mwenye tabia hiyo, alisema Katongo, ataikanyaga hata kwenye tambarare ya kuingilia mjini, maana mguu haujui kudanganya.

Ngoma za Guelor zilichoma kiganja. Za Paulin zilikuwa vuguvugu, safari baada ya safari. Mtu mwingine angetosheka. Katongo akaanza kumshuku Paulin!

"Inakuwa namna gani vuguvugu tu siku yote?" aliniuliza. "Anasimama fasi moya, anangoya ipoe. Batu ya Kasai iko na akili mingi, Mama Kiki."

Nilimjibu kwamba akili si wizi, na kwamba kijana huyo amekula bukari, ule ugali wetu, ya mke wa Katongo tangu siku mama yake alipofariki.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na akanitazama kana kwamba hata mimi nilikuwa nguoni mwake.

Laiti angejua. Mchana mmoja mkewe, Mama Delphine, alikuja jikoni kwangu tukawa tunasafisha samaki pamoja. Macho yake yalikuwa mekundu. Guelor alikuwa amemwambia wazi kwamba akinyimwa lori atakwenda Kambove kuchimba madini. Sasa, huko Kambove kaka yake Delphine alipoteza mtoto wa kiume; shimo lilimwangukia, na walichozika ni jeneza lenye nguo zake. Paulin alipopita kunywa maji, Delphine akamwita na kumkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mutoto yangu, miye siyakuombaka kitu."

"Hapana, mama."

"Safari moya tu. Ukifika karibu na mujini, ukanyage frein. Ukanyage mingi. Papa akute yako iko moto kupita ya Guelor."

Paulin aliuliza kitu kimoja tu. "Na mvua ikikuya, mama? Guelor kule ku muteremuko?"

"Mungu iko."

"Mungu iko," Paulin akaitikia kwa upole, na mimi nilitamani kuwapiga wote wawili kwa mwiko. Lakini la jikoni haliendi mezani kwa wanaume, ndivyo tulivyolelewa. Niliwatumbua samaki kwa hasira.

Safari iliyofuata lori liliingia likinuka chuma kilichoungua. Katongo aliweka kiganja, akakirusha hewani kama aliyegusa chungu jikoni. Alikuja kwangu mkono juu, akimwonyesha kila mtu ule wekundu, mwenye furaha kuliko siku aliyofunga ndoa.

"Nilisema! Leo alisahau kusimama. Leo njo nimemukamata!"

Hivyo uvuguvugu wa miezi yote ukawa udanganyifu, na moto wa siku moja ukawa ndio ukweli. Nyani haoni kundule. Ufunguo ulikwenda kwa Guelor. Paulin alisema, "Asante, papa," akaenda kupakua magunia sokoni.

Jumapili moja, mvua zikiwa zimeanza, tulikuwa tumejaa mbele ya televisheni. Guelor alikuwa njiani kutoka Lukafu na mzigo. Paulin alikaa karibu na mlango. Mama Delphine alikuwa ameleta chakula cha mumewe, kama kila Jumapili, kwa sababu changu Katongo hakiamini. Kwenye skrini magari mawili ya timu moja, rangi moja, yalikuwa yakifuatana. La mbele lilikuwa likimwacha mwenzake kila kona, hata mimi nisiyejua kuendesha baiskeli niliona. Ghafla, barabara imenyooka, hakuna kizuizi, likapunguza mwendo na kujisogeza pembeni. Mwenzake akapita.

Katongo alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akainua mguu kama anayeuondoa kwenye pedali.

"Mumeona? Ametosha muguu! Yeye njo muzuri, na ametosha muguu! Bamemuambia! Nani amemuambia? Bamemulipa nini?"

"Pengine habakumulipa, papa," Paulin alisema kutoka mlangoni. "Pengine ni mama ya ule mwingine njo alimuomba."

Hakusema kwa hasira, wala hakumtazama mtu. Lakini Mama Delphine alikuwa ameshika sahani, na aliiweka mezani polepole mno. Katongo alimwangalia Paulin, akamwangalia mkewe, kisha akakitazama kiganja chake. Anayeshuku kila kitu hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Delphine?"

"Kambove," alisema mama yule. Neno hilo moja tu, na machozi.

Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Katongo alifungua mdomo, nami nikajiandaa kwa kelele zake ninazozijua, lakini kilichotoka kilikuwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Na mutoto iko ku njia sasa. Na hii mvua."

Mpaka leo sijui nani alishinda mbio zile. Tulihamia uani kwao, tukasimama chini ya bati, Katongo, Delphine, Paulin na mimi, tukisikiliza kila injini inayopita. Nilimwona Katongo akiogopa, nikamwonea huruma, jambo ambalo sikulitarajia. Kabla ya giza lori likaingia likichechemea, taa moja imevunjika, ubavu mzima umepakwa tope. Guelor alishuka, viatu vimejaa tope.

"Papa, ilinishinda. Nilikanyaga frein, ikaenda yenyewe mupaka mu mufereji. Batu ya kijiji njo balinivuta."

Katongo hakuinama kwenye gurudumu. Aliweka mkono uleule juu ya kichwa cha mwanawe, akauacha hapo mvua ikiwanyeshea wote wawili.

Kesho yake alibisha kwa Paulin. Nilikuwa nafagia mbele ya nganda, na fagio langu lina masikio. Alimwambia arudi, ashike lori, na Guelor akae pembeni yake, aitazame miguu yake ajifunze. "Na Kambove," alimgeukia Guelor aliyesimama nyuma yake, "utaenda siku nitakufa." Guelor aliinamisha kichwa. Paulin ndiye hakukubali haraka.

"Nitarudia, papa. Lakini mambo ya kupima na mukono iishe. Panda na sisi."

"Dereva mbele ya patron..."

"Iko malaika, ninayua. Panda hivyo hivyo."

Wakaondoka watatu, mzee akiwa amebanwa katikati na koti lake la kanisani. Mama Delphine hakula vizuri mpaka waliporudi. Alikuwa na wasiwasi wake na mimi nilikuwa na wangu: nilimfikiria Katongo akitafuta njama kwenye kila gia, akimshuku Paulin kwa kuwa mzuri mbele yake tu, na ugonjwa ule kuanza upya.

Lori liliporudi, tulikuwa tumesimama getini. Guelor alishuka kwanza, kidole mdomoni, akatuita kwa mkono. Alitueleza kwa kunong'ona kwamba wakati wa kwenda usukani alikuwa nao yeye, na baba yake alikanyaga sakafu njia nzima kana kwamba nayo ina breki. Wakati wa kurudi usukani ulikuwa wa Paulin.

Tulipanda kidato tukachungulia. Papa Katongo alikuwa ameegemea bega la Paulin, mdomo wazi, akikoroma, macho yote mawili yamefungwa. Paulin alikuwa ameiacha injini ikinguruma, asije akamwamsha.

"Amelala tangu wapi?" Mama Delphine aliuliza.

"Tangu mwanzo ya muteremuko," alisema Guelor.